Mlima uko kwetu, maji yanavuka mpaka

Mtoto wa kaka yangu yuko chuo kikuu. Juzi alinitumia ujumbe: "Shikamoo shangazi. Tumepewa kazi ya kuandika faida na changamoto za ushirikiano wa maeneo ya milimani yanayopakana. Wewe unavuka mpaka kila leo, nisaidie." Nikamrekodia sauti WhatsApp, moja baada ya nyingine, mpaka akalalamika bando linaisha. Basi nimeona bora niandike hapa, asome kwa nafasi yake, na wengine mnaopita mjionee.

Kwa wasionifahamu, mimi nauza maharage na mahindi. Nakaa Tarakea, Rombo, upande wa Kilimanjaro ambao watalii wengi hawauoni, isipokuwa wale wanaopandia njia ya Rongai. Ng'ambo ya mpaka ni Illasit, na mbele yake Loitokitok. Simu yangu ikikaa dirishani inanikaribisha Kenya. Dada yangu ameolewa huko, na sikukuu zikifika hakuna anayejua nani mgeni wa nani.

Jibu langu kwa kijana lilikuwa fupi kabla halijawa refu. Kwenye mlima huu, anayelipa na anayefaidi hawakai upande mmoja wa mpaka. Ndiyo maana mikataba inasainiwa vizuri halafu inalala. Si kwamba watu ni wabaya. Ni kwamba kila upande unaombwa uvumilie hasara ambayo faida yake inaliwa kwa jirani.

Nianze na mahindi kwa kuwa ndiyo yanayonilisha. Nairobi inakula kuliko inavyolima, na Rombo, mwaka wa mvua njema, ina cha kuuza. Bei ya ng'ambo mara nyingi inaishinda ya hapa. Ungedhani basi biashara ni kubeba na kuvusha, lakini anza na vipimo. Rejareja yetu ni kwa kisado, yao ni kwa gorogoro. Gunia letu la mahindi linahesabiwa kilo 100, la kwao kilo 90. Mgeni wa biashara hii hupigwa hapo hapo: anatajiwa bei ya gunia la Kenya akiwa amejaza gunia la Tanzania, na kilo 10 zinaishia kwa dalali. Halafu kuna pesa. Mwanzoni mwa 2024 shilingi ya Kenya ilikuwa imelala kabisa, kisha ndani ya wiki chache ikanyanyuka kwa kasi. Aliyekuwa anadai kwa shilingi ya Kenya alichekelea, na aliyekuwa anadaiwa alizima simu.

Kwa sisi wadogo, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilituwekea utaratibu mwepesi. Mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ukiwa kwenye orodha ya bidhaa zinazotoka ndani ya Jumuiya, unapewa cheti cha asili pale pale mpakani na haulipiwi ushuru wa forodha. Ni jambo zuri na nalisifu. Na kule Holili, kusini mwa wilaya yetu, tangu 2016 kipo kituo cha pamoja: ukitoka Tanzania husimami upande wetu, unakwenda moja kwa moja hadi Taveta na kuwakuta maofisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja. Anayetoka Kenya naye anamalizia Holili. Huu ndio ushirikiano ninaoweza kuugusa kwa mkono.

Lakini forodha si mtu pekee mpakani. Yuko wa afya ya mimea, yuko wa viwango, yuko wa ushuru wa mazao wa halmashauri, na kila mmoja ana karatasi yake. Mwanamke mwenye magunia matatu anakuta gharama ya kuzikimbilia karatasi hizo inakaribia faida yote. Ndiyo maana njia za panya haziishi. Ziko wapi sitawaambia, na mnaozijua hamhitaji kuambiwa.

Sasa sikieni la sumukuvu, ile sumu ya fangasi wa nafaka. Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi kutoka Tanzania na Uganda, ikisema yana sumu hiyo kupita kiwango. Malori yakapanga foleni mipakani. Siku chache baadaye marufuku ikaondolewa, ila kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, na mzigo uwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mimi sipingi hoja yenyewe. Sumukuvu inaua, na ini haliulizi mahindi yamelimwa nchi gani. Fangasi wake hustawi mahindi yakivunwa yakiwa mabichi au yakihifadhiwa na unyevu, na huku mlimani ukungu hauna adabu, unaweza kuanika asubuhi na kuanua saa nane bila jua kutokeza. Swali langu ni nani anamiliki maabara. Mwenye lori anaweza kulipia kipimo. Mwenye magunia matatu hawezi, kwa hiyo magunia yake yanapita gizani, na sumu, kama imo, inapita nayo. Sheria iliyokusudiwa kumlinda mlaji wa Kenya ikamsukumia mahindi yasiyopimwa. Kama nchi hizi mbili zingenunua mashine moja ya kukaushia na kipimo kimoja cha haraka, vikakaa hapa sokoni, mlaji wa Machakos angelindwa kuliko kwa tangazo lolote. Ila mashine hiyo ingekaa Tanzania na afya ingekuwa ya Mkenya. Nani atoe fedha? Mnaona nilikoanzia.

Wasomaji wangu wa Kenya msianze kushangilia kwamba leo nawasema Wakenya. Mwaka 2017 upande wetu ulichoma moto vifaranga 6,400 kule Namanga kwa kuwa vilivushwa kutoka Kenya bila kibali, na mwaka huo huo ng'ombe 1,300 wa wafugaji wa Kenya walipigwa mnada baada ya kukamatwa wakilisha huku. Wafugaji wa Kimaasai walikuwa wanafuata nyasi za mlima huu tangu hakujawa na Kenya wala Tanzania. Mstari tunaougombania ulichorwa na Waingereza na Wajerumani kuanzia 1886, ukitokea pwani umenyooka kama rula, ukafika kwetu ukapinda kuuzunguka mlima ili ubaki kwa Wajerumani. Ile hadithi ya Malkia Victoria wa Uingereza kumpa mjukuu wake, mfalme wa Wajerumani, mlima kama zawadi ni porojo. Walipatana tu kugawana, kama watu wawili wanaogawana shamba la marehemu kabla msiba haujaisha.

Na Julai 2025 serikali yetu ilitangaza orodha ya biashara ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya. Imo kununua mazao shambani, imo kuongoza watalii, imo mpaka saluni na kutengeneza simu. Niseme kweli: mimi nimenufaika. Mkenya aliyekuwa anakuja na gari lake mpaka shambani kwa mkulima wa Useri sasa anapaswa kunipitia mimi au mwenzangu. Lakini mkulima yule alikuwa anasikia bei mbili, siku hizi anasikia moja. Nikikaa na mizani yangu najua kabisa nani ameigharamia faida yangu, na hayuko Kenya.

Basi tuache soko, tupande juu, kwa sababu hapo ndipo kijana wangu anapaswa kuandika zaidi.

Kilimanjaro karibu yote, kilele cha Kibo mita 5,895, Mawenzi, msitu, barafu iliyobaki, iko Tanzania. Maji yake hayajui hilo. Loitokitok kuna chemchemi za Nolturesh, zinazolishwa na mvua na ukungu wa mlima huu, na bomba lake linapeleka maji Kajiado, Machakos mpaka Athi River. Vinamasi vya hifadhi ya Amboseli huko Kenya, vinavyowafanya tembo waonekane kwenye picha na mlima nyuma yao, vinajazwa chini kwa chini na mlima huu huu. Taveta ina migomba na mashamba ya umwagiliaji katikati ya nchi kame kwa sababu ya chemchemi na mto Lumi, na Lumi unaanzia huku kwetu Rombo.

Watu wengi wanadhani maji haya ni barafu inayoyeyuka. Barafu inachangia kidogo sana. Kazi kubwa inafanywa na msitu: unakamata mvua, unakamata ukungu kwenye majani na kwenye kuvumwani iliyoota juu ya miti, unayateremsha polepole ardhini. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya 2016 ilisema mlima umepoteza takriban hekta 13,000 za msitu tangu 1976, na kwamba maji yaliyopotea kwa sababu hiyo yangetosha kunywesha watu milioni moja kwa mwaka. Sehemu kubwa ilikwenda na moto, na moto unapanda juu zaidi kadiri mlima unavyokauka. Oktoba 2020 tuliona wenyewe. Moto ulikaa zaidi ya wiki, ukala takriban kilomita za mraba 95. Waliokwenda kuuzima walikuwa wanavijiji, wanafunzi, askari na watu wa hifadhi, wakipanda na matawi na majembe kwenye baridi ile. Wote walitoka upande wetu. Shoga yangu wa Illasit alinipigia simu akilia, "Dada, mlima wetu unaungua." Nilimpenda kwa neno hilo. Lakini kilio hakizimi moto, na hakuna mtu aliyevuka na pampu.

Na kuna gharama ya kila siku isiyopigwa picha. Tangu enzi za mkoloni kulikuwa na ukanda unaoitwa Nusu Maili, kati ya vijiji na msitu mkubwa, ulioachwa kwa mahitaji ya wanavijiji: kuni, majani ya ng'ombe, miti ya kujengea. Mwaka 2005 msitu wa hifadhi uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa, na masharti yakabana. Kiikolojia sina la kubishia, msitu ulikuwa unaliwa. Ila anayeubeba ulinzi ule mgongoni ni mama wa kijiji cha juu anayefuga ng'ombe mmoja ndani, anayehitaji mzigo wa majani kila siku. Yeye anaacha kukata ili kiwanda cha Athi River kipate maji. Hakuna aliyewahi kumwandikia barua ya asante, achilia mbali hundi.

Niliposema hivi kwenye kikao kimoja cha ujirani mwema, mezani palikuwa na chai, mandazi na viongozi wa pande mbili, wakanipigia makofi. Vikao hivi nisivibeze kabisa. Vinasaidia ng'ombe wakiibwa, vinasaidia mtoto akipotea, vinasaidia polisi wa huku kuwa na namba ya simu ya polisi wa kule. Kwa mambo makubwa havina fungu la fedha. Milima ya Alps huko Ulaya ina mkataba wake tangu 1991, nchi zenye mlima zimekaa pamoja kuhusu misitu, barabara na utalii. Sisi tuna Jumuiya yenye bendera na wimbo, ila mlima mrefu kuliko yote Afrika hauna meza yake.

Ziwa Jipe ndilo mfano wa meza isiyo na miguu. Mpaka unapita katikati ya maji. Lumi unaingia na udongo uliokokotwa kutoka miteremko ya huku juu, ziwa linajaa tope, magugu marefu ya majini yanaziba mpaka mvuvi anatafuta upenyo wa kupitisha mtumbwi. Mwaka 2013 nchi hizi mbili zilitia saini makubaliano ya kusimamia pamoja Jipe, Chala na mto Umba. Karatasi nzuri. Lakini mkulima wa mteremkoni Rombo ambaye matuta yake yangezuia tope hilo hayuko hata karibu na ziwa. Kuchimba matuta ni kazi ya jembe, siku nyingi za jasho, na kipande cha shamba kinapotea. Anachimba kwa ajili ya perege wa nani?

Tembo nao. Upande wa magharibi wa mlima, kwenye ushoroba wa Kitendeni, tembo wa Amboseli wanavuka kuja kwenye msitu wetu kupitia eneo la Enduimet, na kurudi. Wale madume wenye pembe ndefu zinazogusa nyasi wanajulikana mmoja mmoja, maana watafiti wa Amboseli wanaandika historia zao tangu 1972. Katikati ya miaka ya 1990, baada ya wawindaji kuua madume ya Amboseli upande wetu na kelele kupigwa, palikuwa na maelewano kwamba uwindaji wa tembo wale usifanyike. Yalidumu karibu miaka 30. Kuanzia Septemba 2023 wakaanza kupigwa tena, kwa vibali halali vya Tanzania, na Kenya ikapiga kelele upya.

Mimi ningependa wasiuawe. Lakini jaribuni kukaa kwenye kiti cha kijiji cha Enduimet. Dume lile likiwa hai, hoteli ya Kenya inalaza watalii wa kulitazama. Likivuka kwetu, fedha ambayo kijiji kinaiona kwa urahisi ni ya mwindaji. Kenya inataka tumtunze tembo ambaye fedha yake inalipwa kwao. Kama ingekuwepo sehemu ya kiingilio cha Amboseli inayovuka mpaka kila mwaka kwenda Enduimet, kwa makubaliano yaliyoandikwa na si ya kuaminiana tu, bunduki ingekuwa na mshindani. Bila hilo tunabaki kuhubiriana.

Huku Rombo tembo tunaowajua wanatoka Tsavo ya Kenya, wanapita ukanda wa chini karibu na Ziwa Chala usiku mahindi yakikaribia kukomaa. Wakishalala na ekari yako, serikali inatoa kifuta jasho. Jina lenyewe linakutahadharisha usitegemee fidia. Mtu akiuawa kinaitwa kifuta machozi, na kanuni za 2011 ziliweka shilingi milioni moja za Tanzania. Sheria ya Kenya ya 2013 iliweka shilingi milioni tano za Kenya, ambazo kwa hela zetu ni kama mara mia ya milioni ile moja. Ndugu za dada yangu wananiambia malipo hayo huchelewa miaka, na wengine hawayaoni kabisa, kwa hiyo msifungashe virago mhamie Loitokitok. Ila tembo ni yule yule, na mstari alioruka hauonekani usiku.

Nilichopendekeza kwenye kile kikao ni hiki. Kila mita ya maji inayosomwa Loitokitok, Taveta na huko mbele bomba linakofika, ikatwe senti kidogo, iingie kwenye mfuko mmoja wenye wasimamizi wa pande zote mbili. Mfuko ulipe vitalu vya miche, matuta mteremkoni, majani ya malisho kwa akina mama wa vijiji vya juu ili Nusu Maili ipumue, na vifaa vya moto vinavyokaa tayari pande zote za mlima. Senti tu. Anayekunywa amsaidie anayelinda.

Shoga yangu alikuwa amekaa nyuma yangu. Tulipotoka akanishika mkono.

"Dada, sawa, tulipe. Lakini Lumi ukishapita kwetu Taveta ukaingia Jipe, unakwenda wapi?"

Nikanyamaza, maana najua unakwenda wapi. Jipe inatoa maji kupitia mto Ruvu, yanarudi Tanzania, yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha Pangani, mpaka mitambo ya umeme ya Hale na ya Pangani yenyewe.

"Basi," akasema, "watu wetu wakiyatoa yale magugu Jipe, maji yatawafikia ninyi. Bili ya umeme wenu wa Pangani tuilete kwa nani?"

Nikamwambia senti za Pangani nazo ziingie kwenye mfuko huo huo. Akasema hapo sasa tunaongea biashara, ila mita ya kwanza ifungwe Jipe, kwa sababu ndipo watu wake wanaposhika mapanga na kuingia majini. Mimi nasema ifungwe juu, Nusu Maili, maana bila msitu hakuna Lumi wa kuingia Jipe. Yeye anataka hesabu ianzie kwenye jasho, mimi nataka ianzie kwenye chanzo. Hatujaelewana bado, na kila nikimpelekea maharage tunaanza upya tulipoishia.